Vipele baada ya dawa ya kifafa: nimrudishie mwanangu vidonge vilivyobaki?

Shangazi, shikamoo.

Nakuandikia usiku kwa sababu mchana sina mtu ninayeweza kumwambia ukweli huu wote.

Mwanangu wa kike ana miaka 9. Kifafa kilimwanza akiwa na miaka 5. Miaka yote hiyo ametumia valproeti, na ilimshika vizuri mpaka mwaka huu, kifafa kilipoanza kumrudia, hasa alfajiri. Kliniki wakamwongezea dawa ya pili inayoitwa lamotrijini. Daktari alinieleza bila haraka: kidonge kimoja kwa siku kwa wiki mbili za kwanza, kisha viwili kwa siku kwa wiki mbili nyingine, halafu arudi aangaliwe. Nilielewa vizuri kabisa, Shangazi. Sitaki kusingizia kwamba sikuelewa.

Siku ya 5 alianguka bafuni akapasuka juu ya jicho. Nilipoona ile damu, kidonge kimoja kwa siku kilionekana mzaha. Siku ya 6 nikaanza kumpa viwili. Siku ya 12 nikampa vitatu. Sikumwambia baba yake wala kliniki.

Siku ya 17 nilikuwa nampaka mafuta baada ya kuoga. Mkono ndio uliotangulia kujua, kabla ya macho: ngozi ya mgongoni ilikuwa inakwaruza kama msasa. Nikamsogeza kwenye taa. Mwanangu ni mweusi, kwa hiyo wekundu sikuuona. Nilichoona ni vipele vidogovidogo vilivyokolea kuliko ngozi yenyewe, vimejaa mgongoni na kifuani na vinaelekea mapajani. Alikuwa anajikuna. Usiku ule alipata joto kidogo, akalalamika koo, lakini kulipokucha joto lilikuwa limeshuka.

Nikaacha lamotrijini siku hiyohiyo. Valproeti nimeendelea kumpa. Siku ya 4 tangu niache, vipele vilikuwa vinafifia. Nikashukuru Mungu nikanyamaza. Lakini juzi, siku ya 8, ameanguka mara mbili kwa siku moja.

Sasa kila mtu ana lake. Baba yake anasema dawa zote ni sumu, tumwage zote, hata hiyo valproeti. Wifi yangu naye ana kifafa, anatumia kabamazepini, ameniletea vidonge vyake akisema vimemtuliza miaka na miaka na hajawahi kuota kipele. Mimi nimenunua dawa ya mzio, nataka nimrudishie lamotrijini kidogokidogo huku nikimpa hiyo ya mzio ili asiwashwe. Tarehe ya kliniki ni miezi miwili ijayo. Ninaogopa kwenda kabla, maana wataniuliza nilimpaje dawa, na nitasema nini?

Mama asiyelala

*

Marahaba, mwanangu.

Nianze na la haraka, mengine yatafuata. Usimpe tena hata kidonge kimoja cha lamotrijini. Valproeti usiiguse, mpe kwa saa zake na kwa kipimo kilekile alichoandikiwa. Na kesho asubuhi mpeleke hospitali bila kungoja tarehe iliyo kwenye kadi. Kama unaposoma haya joto limerudi, au uso umemvimba, macho yamekuwa mekundu na yanachoma, kuna vidonda mdomoni au sehemu za siri, ngozi inamuuma ukiigusa, au umeona lengelenge hata moja, basi usingoje kuche. Mpeleke usiku huuhuu kwenye kitengo cha dharura.

Umesema vipele vimefifia, na hiyo ni dalili njema. Uliacha dawa siku uliyoviona, na huenda hilo ndilo lililomnusuru. Kuna wazazi wengi ambao wangeendelea kumpa wiki nzima wakidhani ni joto au surua. Lakini kufifia kwa vipele hakumaanishi kwamba mambo yamekwisha. Ule usiku wa joto na koo kuuma haunipi raha. Mwili unaweza kuikataa dawa kwa ndani pia, si kwenye ngozi peke yake: ini likavimba, tezi za shingoni na za makwapa zikajaa, chembechembe za damu zikabadilika. Mara nyingi hali hiyo hujitokeza kati ya wiki ya 2 na ya 8 tangu dawa ianzwe, na mwanao yumo ndani ya muda huo. Kipimo cha damu na cha ini ndicho kitakachosema, na hicho hakiwezi kungoja miezi miwili.

Sasa tuje kwenye jambo linalokunyima usingizi.

Lamotrijini ina tabia yake. Katika kila watu 10 wanaoanzishwa, karibu mmoja huota vipele vya aina fulani, na wengi wao huwa ni vipele vyepesi tu. Vipele vya hatari ni vichache, ila kwa watoto hutokea zaidi kuliko kwa watu wazima: kati ya watoto 1,000, huwapata wapatao 3 hadi 8. Mambo mawili huongeza hatari hiyo kuliko mengine yote, nayo ni kupandisha dozi haraka na kuitumia pamoja na valproeti. Mwanao alikuwa na yote mawili.

Nikueleze hilo la valproeti, kwa sababu naona hukuwahi kufafanuliwa. Ini ndilo linaloiondoa lamotrijini mwilini. Valproeti hulizuia ini lisifanye kazi hiyo kwa kasi yake ya kawaida, hata dawa ikakaa kwenye damu karibu mara mbili ya muda wake. Ndiyo maana mgonjwa aliye kwenye valproeti huanzishwa lamotrijini kwa nusu ya kile anachoanzia mwingine, na wakati mwingine hata chini ya hapo. Kwa hiyo ulipotoka kwenye kidonge kimoja ukafika vitatu, damuni haikuwa vitatu tu. Dawa ya jana na ya juzi ilikuwa bado imo, na ya leo ikaja juu yake. Ile ngazi ya wiki mbili mbili iliyokuudhi imewekwa ili kinga ya mwili iizoee dawa taratibu. Kuipanda haraka hakuharakishi nafuu kama mama anavyotumaini.

Sikuelezi haya ili nikuongezee mzigo. Mama anayefuta damu ya mwanawe sakafuni hapigi hesabu za ini. Nataka ujue ni kwa nini lazima hospitali uwaambie hesabu yako halisi: siku ya 6 viwili, siku ya 12 vitatu, siku ya 17 vipele.

Ukificha, daktari ataona mtoto aliyeota vipele akiwa kwenye dozi sahihi. Ataandika kwenye faili kwamba mwili wake unaikataa lamotrijini, na neno hilo litamfuata maisha yake yote. Ukisema kweli, ana jambo la kupima: je, ni dawa yenyewe, au ni kasi? Wapo wagonjwa walioota vipele vyepesi baada ya kupandishiwa haraka, kisha daktari bingwa akawarudisha kwenye dawa ileile baada ya muda kwa dozi ndogo mno, na wakaivumilia. Sikuahidi kwamba mwanao ni mmoja wao. Ule usiku wa joto unaweza kuufunga mlango huo kabisa, na anayeweza kulisema hilo ni bingwa mwenye majibu ya damu mkononi. Lakini hawezi kulipima jambo ambalo hukumwambia.

Tena mwanao ni wa kike, na hilo lina uzito. Valproeti ikitumiwa na mjamzito, karibu mtoto 1 katika 10 huzaliwa na kasoro za maumbile, na wengine hukua wakiwa na shida ya kujifunza. Lamotrijini ni miongoni mwa dawa za kifafa zilizo salama zaidi kwa mjamzito. Leo ana miaka 9, na hiyo si sababu ya kumwachisha valproeti, tafadhali usinielewe vibaya. Ila siku moja atakuwa mwanamke mzima, na lamotrijini ni dawa ambayo hatutaki aipoteze kwa sababu ya taarifa iliyofichwa.

Kuhusu mpango wako wa dawa ya mzio, uache, mwanangu. Dawa ya mzio hupunguza kuwashwa. Haiuzuii mwili usiendelee kuishambulia ngozi yake yenyewe. Utakuwa umeziba kengele huku moto unawaka. Na hata mtoto ambaye hajawahi kuota kipele, akikatiza lamotrijini kwa siku kadhaa, harudishiwi kutoka pale alipoishia. Huanzishwa upya kutoka chini kabisa, kwa maelekezo ya daktari. Baada ya vipele ndiyo kabisa, hilo si jambo la kujaribia nyumbani.

Nilikuwa muuguzi kabla sijashika kalamu hii, na kuna kijana mmoja sijamsahau. Alikuwa amepewa dawa ya kifafa wiki ya tatu, akaota vipele kifuani, macho yakawa mekundu. Nyumbani wakasema ni surua, wakaendelea kumpa vidonge siku 5 zaidi ili kifafa kisirudi. Alipofika kwetu midomo ilikuwa imeganda damu, hawezi kumeza hata mate. Kope zilikuwa zinagandana. Tulikuwa tunamdondoshea dawa ya macho na kuyasafisha tena na tena, usiku na mchana, yasije yakashikana. Usiku wa kwanza nilipomgeuza, ngozi ya begani ilibaki kwenye shuka, nyembamba kama karatasi iliyolowa. Alipona. Lakini macho yake hayatoi machozi ya kutosha tena, na mwanga wa mchana unamchoma.

Hali hiyo huitwa ugonjwa wa Stevens-Johnson, kwa majina ya madaktari wawili wa Marekani walioieleza mwaka 1922. Ikienea mpaka ngozi ikachubuka zaidi ya asilimia 30 ya mwili, huwa na jina jingine na huua wagonjwa wengi, karibu mmoja katika kila watatu. Mwanao hakufika huko. Nakwambia ili ujue daktari anaogopa nini akiambiwa kuna vipele, na uache kudhani kwamba utakwenda kumsumbua kwa kitu kidogo.

Asubuhi kabla hamjatoka, mkague mwanao kwenye mwanga wa mchana. Kwenye ngozi nyeusi usitafute wekundu. Tafuta rangi iliyokolea, ya zambarau au ya kijivu, na utumie kiganja chako kama ulivyofanya siku ile, kwani kiganja hicho kimeshakufaa. Mwambie afungue mdomo, geuza midomo uangalie kwa ndani. Vuta kope ya chini kidogo. Angalia viganja na nyayo. Pitisha vidole chini ya taya na shingoni ukitafuta vinundu. Muulize kama anapata maumivu akikojoa. Na muulize hili kwa utulivu, usimtie maneno mdomoni: inawasha au inauma? Ngozi inayowasha tu mara nyingi ni ya vipele vyepesi. Ngozi inayouma au inayochoma kama imemwagiwa maji ya moto ni ya kukimbiziwa hospitali. Piga picha za mabaki ya vipele, maana vikifutika kabisa daktari hatakuwa na kitu cha kuona.

Usimpake chochote mgongoni. Kuna watu watakuletea mafuta na majani kwa nia njema. Wapokee, washukuru, weka pembeni.

Baba yake nisingependa ubishane naye. Ameona dawa ikimdhuru mwanawe, na hofu yake ina msingi. Ila mweleze tofauti hii: mwili wa mtoto umegombana na dawa moja, iliyopandishwa haraka. Valproeti ameishi nayo miaka 4. Ikimwagwa leo kwa ghafla, kifafa kinaweza kumjia mfululizo bila kupata fahamu katikati, na hiyo ni dharura inayoua. Ikibidi siku moja aiache, ataipunguziwa hatua kwa hatua na daktari. Na mweleze pia habari ya dozi, mwanangu. Asije akaisikia mara ya kwanza kwa daktari, mbele ya mtoto. Atakasirika, naelewa. Lakini mkiwa wawili mnaojua ukweli mmoja, mtaweza kukaa upande mmoja wa meza ya daktari.

Wifi yako mrudishie vidonge vyake na umshukuru. Kabamazepini, fenitoini na fenobabitali ziko kwenye kundi lenye desturi hiihii ya kuleta vipele, na aliyeota vipele kwa mojawapo ya dawa za jamii hii huwa na nafasi kubwa zaidi ya kuota kwa nyingine. Lamotrijini nayo inahesabiwa humo. Daktari akitafuta dawa ya badala, atazipima hizo kwa tahadhari sana, na zipo nyingine ambazo vipele kwake ni nadra, kama levetirasetamu. Achague yeye.

Ukifika mapokezi usianze na historia ndefu. Sema hivi: "Mwanangu ana kifafa. Aliota vipele na kupata joto baada ya kuanza lamotrijini akiwa kwenye valproeti. Nimeisimamisha, na sasa kifafa kimerudi." Sentensi hizo zinatosha kumfanya muuguzi yeyote anyanyue kichwa. Wakikwambia urudi tarehe yako, usiondoke. Omba kuonana na daktari wa zamu, na uyarudie maneno hayohayo. Beba vidonge vyote na maboksi yake, hata vile vya wifi kama bado viko kwako, na dawa nyingine yoyote aliyotumia mwezi huu, iwe ya malaria, ya kikohozi au ya kuua vijidudu. Vipele vinaweza kuwa vimetoka kwingine kabisa, hata kwa virusi tu, na daktari hawezi kuviondoa kwenye hesabu kama hajui alimeza nini.

Watakapokuuliza ulimpaje dawa, jibu kwa tarehe. Huenda ukakutana na mtu atakayekukaripia. Nimefanya kazi na wenzangu wa namna hiyo, na najua maneno yao yanavyouma. Yakubali yapite, kisha uulize maswali yako: apimwe nini leo, atumie nini usiku wa leo kuzuia kifafa, apandishiwe vipi, na kifafa kikimjia katikati ya ngazi nimpigie nani. Hilo la mwisho ndilo lililokosekana mara ya kwanza. Ungekuwa na namba ya kupiga siku ile ya bafuni, usingepandisha dozi peke yako. Usitoke bila hiyo namba.

Usiku huu akianguka, mlaze ubavu, ondoa vitu vigumu karibu yake, usimtie kitu mdomoni, na uangalie saa. Kikizidi dakika 5, au kikimrudia kabla hajapata fahamu, nendeni hospitali palepale.

Daktari akishaamua, mwambie aandike jina la dawa iliyomletea vipele kwenye kadi ya mtoto, kwa wino, pamoja na tarehe na kipimo alichokuwa anatumia. Nawe nakili kwenye karatasi ya pili uiweke mahali ambapo baba yake anapajua. Mfundishe mtoto mwenyewe kulitamka jina hilo. Miaka 9 anaweza, na kuna siku ataulizwa wewe ukiwa hupo.

Sasa jaribu kulala, hata saa mbili. Mkirudi niandikie wamesema nini kuhusu ini lake, na kama lile joto halikurudi.

Shangazi